Kosa la Namba Lilikuwa la Nani?

Kila anayesimulia habari za simu za vibandani katika Afrika Mashariki hufika mahali pale pale: sarafu iliyomezwa, namba iliyoleta sauti ya mtu asiyejulikana, foleni ya watu waliokunja nyuso nyuma ya msafiri anayejaribu tena. Lawama kwa kawaida humwangukia mpigaji. Alikuwa na haraka, hakuizoea mashine, ametoka shamba, aliinakili namba vibaya. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Ukifuatilia jinsi mitambo ya simu ilivyofanya kazi, jinsi namba zilivyogawiwa na jinsi malipo yalivyokusanywa, utaona kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo ilitengenezwa na mfumo wenyewe, na kwamba kadiri miaka ilivyokwenda gharama yake ilihamishwa kutoka mezani kwa shirika la simu hadi mfukoni mwa mtu aliyesimama kibandani. Msafiri ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa alikuwa ugenini, hana jirani wa kumwomba simu, sarafu zake zina hesabu na basi lake halimngoji.

Tuanze na wakati ambapo mpigaji hakugusa namba kabisa. Huduma ya simu kwa umma ilianza Nairobi na Mombasa mwaka 1908, na mwaka 1933 idara za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa utawala mmoja wa posta na simu. Katika utaratibu wa zama hizo, aliyetaka kuzungumza na mji wa mbali alimtajia opereta namba, opereta akairudia ili kuhakikisha, akachomeka waya kwenye swichibodi, akasikiliza mpaka upande wa pili uitikie. Akiunganisha pasipo, alichomoa waya na kuunganisha upya. Kosa lilitokea ofisini na likamalizwa ofisini. Sisemi kwamba huo ulikuwa wakati wa neema. Simu zilikuwa za serikali, makampuni na wachache wenye uwezo, watu walisubiri muda mrefu kupata laini ya masafa marefu, na opereta aliweza kusikia kila neno. Hata mtambo wa kujiunganisha wenyewe ulizaliwa kutokana na kutomwamini opereta: Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City huko Marekani, aliamini kwamba waunganishaji simu walikuwa wakiwapeleka wateja wake kwa mshindani wake, ndipo akabuni mtambo usiohitaji mtu katikati. Alipata hataza mwaka 1891, na mwaka uliofuata mtambo wa kwanza wa aina hiyo ukafunguliwa La Porte, Indiana. Malalamiko yake yalikuwa na msingi. Lakini mtambo wake ulipomwondoa opereta, uliondoa pia yule aliyekuwa akiirudia namba kwa sauti kabla ya kuunganisha, na kazi ya kuhakikisha ikamwangukia mpigaji bila yeye kuulizwa.

Tazama kwa karibu simu ya kuzungusha ilivyofanya kazi. Duara lilikuwa na matundu kumi. Unatia kidole kwenye tundu, unavuta mpaka kizuizi, unaachia, na duara linaporudi lenyewe kwa nguvu ya springi linakata na kuunganisha umeme wa laini: mara moja kwa tarakimu ya 1, mara mbili kwa 2, mara kumi kwa 0. Mtambo ulioko mjini ulihesabu mikatiko hiyo na kusogea hatua kwa hatua. Kwa hiyo namba yenye sifuri na tisa nyingi ilichukua muda mrefu na ilikuwa na nafasi nyingi zaidi za kuharibika. Mpigaji akilisukuma duara lirudi haraka, mikatiko inabanana na mtambo unahesabu pungufu. Springi ikichoka, duara linajivuta na hesabu inapotea. Maji ya mvua yakiingia kwenye kebo ya chini ya ardhi, umeme unavuja na mtambo unasoma mikatiko ambayo kidole hakikuituma, au unaacha kusoma ile kilichoituma. Mtu angeweza kuzungusha tarakimu zote sawasawa, kwa utulivu, akisoma kwenye karatasi iliyo mbele yake, na bado akaangukia nyumba asiyoijua. Yule aliyepokea alisema “umekosea namba”, na neno hilo likawa ushahidi dhidi ya mtu ambaye hakukosea chochote.

Waliobuni simu za kulipia hapo mwanzo walilijua jambo hili, na hapa ndipo ushahidi wangu ulipo mzito. Kuanzia mwaka 1925 Uingereza ilitumia simu za vibandani zenye vitufe viwili, A na B, na aina hiyo ilienea katika nchi kadhaa zilizokuwa chini yake. Wasomaji wa shairi la Wole Soyinka kuhusu Mwafrika anayetafuta chumba cha kupanga Uingereza watakumbuka kwamba vitufe hivyo vimo kibandani mle. Mpigaji alitumbukiza sarafu, akazungusha namba, akangoja. Upande wa pili ulipoitikia, aliisikia sauti yake, ila yeye hakusikika. Kama ile ndiyo sauti aliyoitaka, alibonyeza A, sarafu zikadondoka ndani ya sanduku na mazungumzo yakaanza. Kama alikuwa ameangukia kwingine, au simu iliita bila kupokelewa, alibonyeza B na sarafu zote zikarudi kwenye kikombe cha chini. Fikiria maana ya mpangilio huo. Ulichukulia kwamba makosa yatatokea, ukampa mpigaji nafasi ya kutambua kabla ya kulipa, na ukaiacha hasara ya jaribio lililoshindikana upande wa shirika, ambalo laini yake ilitumika bure kwa sekunde chache.

Halafu nafasi hiyo ikaondolewa. Desemba 1958 Uingereza ilizindua huko Bristol utaratibu wa wateja kupiga simu za mbali moja kwa moja bila opereta, na kuanzia mwaka uliofuata vibanda vilianza kuwekewa simu za aina mpya. Sasa mtu alizungusha namba kwanza, upande wa pili ulipoitikia akasikia milio ya harakaharaka, akasukuma sarafu, ndipo sauti zikafunguka. Simu isiyopokelewa haikumgharimu kitu, na hilo lilikuwa jema. Lakini aliyepelekwa pasipo aligundua baada ya sarafu kwenda, na sarafu iliyokwenda haikurudi. Haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na njia nyingine. Katika simu nyingi za sarafu za Marekani, fedha zilishikiliwa kwenye kibakuli cha ndani mpaka mtambo utume ishara ya kuzichukua au kuzirudisha, na aliyekosewa namba aliweza kumwita opereta akaunganishiwa tena bila malipo. Kuziacha fedha zipotee ulikuwa uamuzi wa shirika. Teknolojia haikuulazimisha.

Katika Afrika Mashariki uamuzi wa namna hiyo ulikutana na mpangilio wa namba wenye mitego yake, na watu wengi wamekwisha kuusahau. Kenya, Tanzania na Uganda, ambazo posta na simu zao zilikuwa chini ya shirika moja mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, zilibaki na namba za kikanda za kupigiana. Aliyepiga Kenya kutoka Tanzania au Uganda alianza na 005. Uganda ilikuwa 006, Tanzania 007. Wakati huohuo, kwa dunia nzima, Kenya ni 254, Tanzania 255 na Uganda 256. Linganisha orodha hizo mbili. Mpangilio wa kikanda unaanza Kenya, kisha Uganda, kisha Tanzania. Wa kimataifa unaanza Kenya, kisha Tanzania, kisha Uganda. Tarakimu 6 ni Uganda kotekote, lakini 5 ya mwisho ni Kenya kwa anayepiga kutoka Kampala na ni Tanzania kwa anayepiga kutoka Muscat. Mfanyabiashara aliyezoea kupiga Nairobi akiwa Dar es Salaam, akasafiri hadi Dubai, ilimbidi aisahau 005 na kushika 254, na jirani wa karibu kabisa wa 254 ni nchi yake mwenyewe. Huwezi kumpa mtu orodha mbili zinazopingana namna hiyo kisha ukasema amechanganyikiwa kwa uzembe.

Mtego wa pili ulitokana na ule wa kwanza. Kwa kuwa 005, 006 na 007 zilikuwa na kazi, nchi hizi tatu hazikuweza kutumia sifuri mbili kama mlango wa kutokea nje, kama zinavyofanya nchi nyingi. Zikatumia sifuri tatu. Mzanzibari anayeishi Oman alipiga 00 kisha 255 kuwasalimia wazee Unguja, lakini akifika Unguja na kutaka kuwajulisha wanawe Muscat kwamba amefika salama, 00 haikumtoa, alihitaji 000 kabla ya 968. Mgeni aliyetua Nairobi na mazoea ya Ulaya akataka kupiga Urusi, ambayo namba yake ya nchi ni 7, alikuwa amezungusha 007, yaani Tanzania. Aliyetaka Mexico, yenye 52, akiwa Dar es Salaam, alizungusha 0052, na hizo ndizo tarakimu za 005 kwa Kenya na 2 kwa Nairobi kama namba ya mji ilivyokuwa wakati ule. Ongeza hapo ile sifuri ya mbele ya namba ya mji, inayopigwa ukiwa ndani ya nchi na kuachwa ukiwa nje. Barua za ofisi na kadi za biashara ziliiandika ndani ya mabano, na maelfu ya watu waliipiga kwa sababu imeandikwa. Zanzibar nayo ilitengewa namba yake ya kimataifa, 259, ambayo haikupata kutumika kwa shughuli za kawaida. Simu za huko zilipita na bado zinapita kwenye 255 ya Tanzania. Ni nani angeyajua yote haya akiwa amesimama kibandani, mzigo miguuni, bila opereta wa kumuuliza?

Namba zenyewe hazikutulia. Tanzania ilipozipanga upya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii, Dar es Salaam ilihama kutoka 051 kwenda 022, Zanzibar kutoka 054 kwenda 024, Mwanza kutoka 068 kwenda 028, huku Arusha iliyokuwa 057, Moshi 055 na Tanga 053 zikiwekwa pamoja chini ya 027. Namba za ndani nazo zikarefuka: ya Dar es Salaam yenye tarakimu 6 ikawa na 7, ikianza na 2. Simu za mkononi hazikuachwa. Mwaka 2006, 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784, 0747 ikawa 0777, 0741 ikawa 0713. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzuri, maana namba zilikuwa zinakwisha. Lakini namba ya zamani iliendelea kuishi kwenye ukuta wa gesti, kwenye ubavu wa basi, kwenye barua ya shangazi iliyokunjwa ndani ya pochi, na msafiri hana njia ya kujua kwamba karatasi yake imepitwa. Anayesema mambo hayo yalitokea duniani kote anasema kweli. London ilibadilishiwa namba mwaka 1990, ikabadilishiwa tena 1995 na tena 2000. Tofauti iko kwenye namna ya kubadilisha. Kabla ya mabadiliko ya Aprili 1995, namba mpya za Uingereza zilikuwa zimeruhusiwa kutumika sambamba na za zamani tangu Agosti 1994, ili kidole kilichozoea ya zamani kisiadhibiwe kwa siku moja. Hilo linaonyesha kwamba shirika likiamua kulibeba kosa la mpito, linaweza.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa kwa uzito. Ya kwanza ni ya uharibifu: vibanda vilivunjwa, masanduku ya sarafu yakaibwa, vipokezi vikang'olewa, na shirika halikuwa na uwezo wa kuwa mkarimu kwa umma ulioharibu mali yake. Uharibifu ulikuwepo na ulikuwa mwingi. Lakini unaeleza kwa nini kibanda kilikufa. Hauelezi kwa nini kibanda kilicho hai kilibaki na fedha ya simu iliyokwenda pasipo. Wala kadi hazikuuondoa ubaya huo. Zilipoletwa kuchukua nafasi ya sarafu, ambazo hasa Tanzania thamani yake ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei, zilimkomesha mwizi wa sanduku, lakini mteja alilipa yote mbele, uniti zilikatwa kwa jaribio lililokosewa kama zilivyokatwa kwa lililofaulu, na kadi aliyoinunua Nairobi ilikuwa kipande cha plastiki tu alipovuka mpaka wa Namanga kuingia Tanzania.

Pingamizi ya pili ina nguvu zaidi. Inasema kwamba nchi zetu zilikuwa maskini, laini zilikuwa chache mno, na kuzungumzia haki ya mpigaji katika hali hiyo ni kudai anasa. Uchache huo hauna ubishi. Tume ya kimataifa iliyoongozwa na Donald Maitland, iliyotoa ripoti yake Januari 1985, ilieleza kwamba jiji la Tokyo peke yake lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika, na mwezi Mei mwaka huohuo wajumbe wa dunia walikutana Arusha kujadili maendeleo ya mawasiliano. Hata hivyo hoja ya umaskini, ukiifuata mpaka mwisho, inageuka upande wangu. Simu ya kibandani isiyo na mhudumu ilibuniwa na nchi ambazo mshahara wa opereta ulikuwa ghali na vipuri vilikuwa rahisi. Kwetu mambo yalikuwa kinyume: vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na watu waliotaka kazi walijaa. Tuliagiza mashine ya kuokoa kitu tulichokuwa nacho kwa wingi, tukailipia kwa kitu ambacho hatukuwa nacho.

Ushahidi wa hilo ulijitokeza mara tu njia ilipopatikana. Mitandao ya simu za mkononi ilipoenea, Kenya ikajaa vituo vya kulipia vilivyoitwa Simu ya Jamii, na miji ya Tanzania na Uganda nayo ikapata watu wenye meza, mwamvuli na simu ya kulipiwa kwa dakika. Mteja alimpa mhudumu karatasi yake. Mhudumu aliisoma namba, akaitazama kwa jicho la mtu wa kazi, akasema hii ni ya zamani, siku hizi inaanza na tarakimu nyingine, akaipiga mwenyewe, akangoja itikio, ndipo akampa mteja simu na kuanza kuhesabu. Akikosea tarakimu ilikuwa juu yake, maana mteja aliyesimama mbele yake asingekubali kulipia. Vijana wale hawakusoma popote nadharia ya huduma, lakini walirudisha kazi ya opereta wa kale: kuhakikisha kabla ya kutoza. Vibanda vya sarafu na kadi vilivyobaki vilikufa haraka, na naamini havikushindwa kwa bei peke yake. Watu walimchagua anayelibeba kosa.

Simu ya mkononi mfukoni mwa kila mtu ilimaliza mengi ya yale niliyoyaeleza. Alama ya kujumlisha mbele ya namba ilimwondolea msafiri mzigo wa kukumbuka 00, 000 au 005, kwa kuwa mtandao wenyewe ndio unaojua mlango wa kutokea katika nchi uliyopo. Jina lililohifadhiwa likachukua nafasi ya karatasi. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba habari ya kukosea namba imekwisha. Haijakwisha. Imehamia mahali penye hasara kubwa zaidi. Tangu M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilipozinduliwa Kenya Machi 2007 na kuenea kwa jirani, tarakimu moja iliyokosewa haipotezi tena sarafu ya kibandani. Inaweza kupoteza karo ya shule au nauli ya kumrudisha mgonjwa nyumbani. Miaka ya mwanzo mtu aliituma fedha kwa namba tupu, kisha akaarifiwa jina la aliyepokea baada ya fedha kuondoka, mpangilio uleule wa kulipa kwanza na kutambua baadaye. Baadaye Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, ikaleta Hakikisha, jina la mpokeaji likaonekana kabla ya fedha kwenda, na ikaweka namba 456 ya kuomba fedha zirudishwe. Huduma za Tanzania nazo huonyesha jina kabla ya mtumaji kuthibitisha. Hiyo ni kazi ya vitufe A na B iliyorejea baada ya miongo mingi.

Wapo wanaopinga hata hatua hiyo, wakisema jina la mtu halipaswi kuonyeshwa kwa kila anayebofya namba yake. Hofu hiyo ni ya haki, na inaweza kutibiwa kwa kuonyesha sehemu ya jina inayotosha kumtambua mtu bila kumwanika. Lisilo la haki ni kuitumia kama sababu ya kumrudisha mtumaji gizani. Na bado kuna pengo: fedha iliyokwenda pasipo hutegemea aliyepokea kama hajaitoa, na mhanga ndiye anayepiga simu za huduma kwa wateja, anayesubiri kwenye laini na anayeeleza upya kwa kila mhudumu. Kampuni inachukua ada ya kutuma hata pale ambapo huduma haikumfikia aliyekusudiwa. Kanuni inayotakiwa si ngumu: jina lionekane kwa kila muamala, ndani ya mtandao na baina ya mitandao, ndani ya nchi na ng'ambo ya mpaka, fedha inayolalamikiwa mapema ishikiliwe mpaka shauri liamuliwe, na ada ya muamala uliokosewa irudishwe. Mamlaka za mawasiliano na benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zinaweza kuyaandika hayo katika masharti ya leseni, na zinapaswa kuyaandika sasa.